Haikuwa Zamu ya Baba Yangu

Mjukuu wangu wa pili ana jina la baba yangu, na jina hilo sitaliandika hapa. Limeshaandikwa vibaya vya kutosha. Mjue tu ni jina la Kidawida, lugha yetu Wataita, na ndani yake mna gh, ile inayotoka kooni kama katika ghali. Ukiiondoa h, kinachobaki ni mganga. Kwa Kidawida maana haiko mbali na hiyo, lakini kwetu milimani ni jina la watu na sijaona mtu akilicheka. Hapa mjini Voi tunapokaa wanalicheka.

Mimi ndiye niliyempa. Wenye mtoto hawakunituma.

Kabla hajazaliwa, mwanangu alikuwa akirudi kazini anakaa kwenye kochi na simu, anamsomea mkewe majina. Ya Biblia, ya kizungu, ya wachezaji mpira. Walitaka jina ambalo darasani hawatakuwa nalo watoto watano, lakini lisimpe mtoto taabu. Mimi nilikuwa nachambua kunde. Nikawaambia, "Jina si shati, eti mtu ajaribu moja, avue, ajaribu lingine."

Mkamwana akacheka. "Basi tuache kutafuta, Mama. Akiwa kijana, ni zamu ya baba."

Kweli ilikuwa zamu ya baba yake. Kwao na kwetu desturi ni ile ile: kijana wa kwanza anaitwa jina la babu wa upande wa baba, wa pili la babu wa upande wa mama. Wa kwanza alishachukua jina la marehemu mume wangu. Huyu alikuwa wa baba yake mkamwana, yule mzee wa Mboghoni, Mkamba aliyehamia kule ujanani akalima ndizi mpaka leo. Na jina lake ni la aina ile ile waliyokuwa wakiitafuta kwenye simu. Ni fupi, silabi mbili, mtaani kwetu hakuna mwingine mwenye nalo, na mtoto anayeanza kusema analiweza. Hayo yote niliyajua. Nikanyamaza na kunde zangu.

Niseme na lililokuwa moyoni, si kwa kujitetea. Mimi nilizaa kijana mmoja tu, halafu wasichana. Kijana akaitwa jina la baba wa mume wangu, kama inavyotakiwa. Yule wa pili, wa baba yangu, hakuja. Kila nilipojifungua baba alikuwa akimtuma mtu avuke bonde kuniuliza, "Amekuja nani?" Na kila mara nilimrudishia jibu lile lile, ni msichana. Alikufa bila wajina. Nikadhani uchungu huo umenipa haki. Hakuna haki yoyote uliyonipa. Mtu aliyeonja kitu hicho ndiye angekuwa wa mwisho kumwonjesha mwenzake.

Mtoto alizaliwa kwa kupasuliwa. Mwanangu alikuwa safari ya kazi, mkamwana amelala bado ana dawa kichwani. Nesi akaja na karatasi yake.

"Nyanya, mtoto anaitwa nani? Kama hamjaamua, tutamngoja mama aamke."

"Tumeamua," nikamwambia.

Nikataja jina la baba yangu. Nesi hakuwa mtu wa huku.

"Mganga?"

"Siyo hivyo. Gh. Gh!"

"Haya, nimesikia." Akaandika, akanigeuzia karatasi. "Angalia kama ni sawa."

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu. Naisoma Biblia ya maandishi makubwa, polepole, kidole kikitangulia. Mwandiko wa nesi ulikuwa kama msafara wa siafu. Ningesema tu, "Mwanangu, nisomee." Badala yake niliitazama karatasi kwa muda ambao mtu anayejua kusoma angeitazama, nikaitikia kwa kichwa, kwa heshima, nikasema ni sawa.

Mkamwana alipoamka aliuliza. Nikamwambia, "Nesi aliniuliza jina la baba. Nikadhani ananiuliza baba yangu mimi, nikamtajia. Kumbe analiandika mahali pa jina la mtoto."

Ndivyo nilivyodanganya. Ujinga ambao niliuonea haya mbele ya nesi, sasa niliutumia kama shuka la kujifunika. Na akaniamini. Nani asingemwamini mwanamke mzee wa darasa la tatu? "Usijali, Mama," akaniambia. Amelala na mshono tumboni, ananituliza mimi.

Wiki ya tatu mzee wa Mboghoni akaja, na mkungu wa ndizi begani. Hakungoja kukaribishwa. Alisimama mlangoni akaita, "Wajina wangu yuko wapi? Mwambieni mwenye jina amefika!"

Mwanangu akaangalia sakafu. Mkamwana alimweka mtoto mikononi mwa mzee akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kulitokea makosa hospitali. Mzee akauliza, basi anaitwaje. Wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyelitoa. Nikalitamka. Akajaribu, lakini ulimi wa kwao hauna gh. Likatoka mganga. Akajaribu tena, likatoka mganga. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mgeni.

"Ni la nani?"

"La baba yangu."

"Basi mzee mwenzangu amenitangulia kwenye foleni," akasema. "Hakuna neno, mkwe."

Akanywa chai, akaondoka. Ndizi zile ziliiva zote kwa mpigo, nikazigawa kwa majirani. Sikula hata moja.

Mtoto akakua na jina lake. Mtihani wa hesabu ukikaribia, wenzake wanamwendea, "Mganga, tupigie ramli!" Timu yao ikifungwa, wanasema yeye ndiye ameroga mpira. Siku moja nilimpeleka zahanati ana homa. Jina likaitwa, na mama mmoja kwenye benchi akasema, "Leo waganga wenyewe wamekuja kutibiwa!" Mwingine akamjibu, "Si husemwa, mganga hajigangi?" Benchi lote likacheka. Mtoto akanivuta kanga. "Nyanya, twende nyumbani. Nimepona." Mwili wake ulikuwa moto kama kikaango.

Nilikuwa nikimwambia asimame wima, jina ni la mtu mkubwa. Nilikuwa mkali. Ukali ni rahisi kuliko kusema kweli.

Mama yake hakuwahi kulitaja jina lile. Alimwita Baba. Baba njoo ule, Baba umevaa soksi? Mimi niliona anamdekeza. Nikamkemea, "Utamwita mtoto baba mpaka lini?" Akanijibu bila kuinua uso, "Nimezoea tu, Mama." Na mimi, mwanamke mzima niliyejua desturi zote, sikusikia neno lile lilikuwa linasema nini.

Mwaka huu yuko gredi ya sita, na shule ikataka vyeti vya kuzaliwa viwe sawasawa. Mwanangu akaona afadhali jina lirekebishwe, h irudishwe mahali pake. Alikuwa kazini, kwa hiyo tulikwenda watatu kwenye ofisi ya vyeti: mkamwana, mtoto na mimi. Karani alikuwa mama wa makamo. Akaita, "Mganga!" Watu wakageuka kutafuta ni mganga gani. Mtoto hakuinuka.

"Baba, simama," mama yake akamwambia. "Ni sisi."

Karani akamtazama juu ya miwani. "Unamwita Baba? Ana jina la babako?"

Mkamwana akasema, "Alikuwa awe nalo."

Hapo ndipo niliposikia. Miaka kumi na moja alikuwa anamwita mtoto wake kama vile mwanamke anavyomwita mtoto aliyebeba jina la baba yake. Cheti kilisema langu, kinywa chake kikasema lake, kila siku, mbele yangu, na hakunigombeza.

Karani akauliza kosa lilitokeaje. Mkamwana akaanza kumweleza vizuri, kama alivyowaeleza watu wote. "Ni makosa tu. Nyanya yake aliulizwa jina la baba, akadhani anaulizwa..."

"Si makosa," nikasema.

"Mama?"

"Nesi aliniuliza jina la mtoto. Alisema akungoje uamke. Nikamkatalia. Nilijua ni zamu ya baba yako. Nikaiba."

Mkamwana alishika kona ya meza ya karani akaishika tu. Ningependa angenitukana.

Karani alikohoa. "Kwa hiyo tunaongeza h, ama tunafanya nini?"

"Muulize mwenye mtoto," nikamwambia.

Mkamwana akamtazama mtoto, kisha akasema jina la baba yake, silabi mbili, litangulie. "Hilo lingine libaki nyuma," akasema. "Na liandikwe na h."

Hiyo h iliniuma kuliko kama angelifuta lote.

Karani akaandika maelezo ya kiapo, akayachapa, akanisukumia. "Soma, Nyanya, kama ni sawa weka sahihi."

Niliishika ile karatasi. Maneno yalikuwa mengi na madogo. Nikampa mtoto.

"Nisomee," nikamwambia. "Neno kwa neno. Usiruke."

Akasimama wima kama nilivyomfundisha, akasoma kwa sauti ya shule, na watu kwenye viti wakasikiliza. Kwamba mimi, nyanya wa mtoto aliyetajwa hapo juu, nilitoa jina bila idhini ya wazazi, hali nikijua wamechagua lingine, na baadaye nikawaeleza yasiyo kweli.

Akasita. Akanyanyua macho.

"Nyanya, huyu ni wewe?"

"Ni mimi," nikamwambia. "Endelea kusoma."