Mimi Ndiye Niliyepima Binzari ya Bi Unga

Admin, nifichie jina. Mtaa pia sitautaja, maana Bukoba hii hata kuku wanajuana. Mimi ni mzee wa miaka sabini na sita, mke wangu alishatangulia, na nachapa hii kwa kidole kimoja, kwa hiyo makosa mnivumilie. Wengi humu mnaleta visa vya mapenzi. Changu ni cha binzari. Msicheke kwanza.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa kijana nimetoka shule, nikaajiriwa msaidizi katika maabara ya serikali. Kwetu ni Ijumbi, Muleba, watu wa ndizi na kahawa, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza katika ukoo kuvaa koti jeupe. Nikienda nyumbani mama alilifua mwenyewe, kisha akalianika upande wa barabarani ili wapitao walione. Nililewa sifa, lazima niseme ukweli.

Siku moja bosi wangu akiwa safarini Mwanza, ililetwa bahasha kutoka duka la ushirika la kijiji, kijiji chetu chenyewe. Ndani mlikuwa na binzari ya manjano ya unga. Wanakijiji walilalamika kwamba imepauka, wakashuku imeongezwa unga wa mahindi, na barua ilidai jibu upesi. Aliyeitengeneza alikuwa mwanamke Mwislamu wa mjini, mwenye asili ya pwani, ambaye nitamwita Bi Mwajuma. Alitwanga viungo kwake na kulipelekea duka lile.

Bosi alikuwa amenifundisha kupima pilipili ya unga: unakoroga kidogo kwenye maji, unadondoshea iodini, ikigeuka buluu ujue imetiwa unga. Kwa pilipili kipimo hicho kinafaa. Mimi nikakifanya kwenye binzari. Ikageuka buluu ya kukolea, karibu nyeusi. Nikarudia, buluu tena. Moyo ulinidunda kwa furaha, Mungu anisamehe, nikaona nimemkamata mwizi. Nikaandika, "Sampuli imechanganywa na unga," nikagonga muhuri. Bosi sikumsubiri.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Ijumbi, mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano mbele ya duka. Bi Mwajuma aliletwa akasimamishwa mbele ya watu. Mwenyekiti akainua karatasi yangu. Jina langu halikuwemo, muhuri tu.

"Ndugu wananchi, maabara imesema. Huyu ni mnyonyaji!"

"Waitu, jamani, tumelishwa unga!" akapaza sauti mzee mmoja, na watu wakaanza kuzomea.

Bi Mwajuma hakulia. Alisema, "Mvua haijaacha mwezi mzima, binzari imekauka vibaya, ndiyo maana imepauka. Sijatia hata chembe ya unga. Mwiteni aliyepima, aje anioneshe huo unga."

Wakazidi kumzomea. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, mama kanishika mkono kwa fahari ya maabara, asijue aliyepima ni mimi. Nilitazama viatu vyangu.

Duka likamkataa, na mjini nako habari zikafika. Akaacha viungo, akawa anakaanga vitumbua. Watoto wakamwimbia "Bi Unga", jina likamganda.

Baada ya miezi michache bosi alileta mzizi wa binzari kutoka shambani kwake, tukaukausha na kuusaga wenyewe ili anifundishe darubini. Akadondoshea iodini. Buluu!

"Binzari ina wanga wake wa asili," akasema. "Iodini hapa haikuambii kitu. Tazama chembe kwenye darubini, za mahindi zina umbo lake. Kwani hukujua?"

"Nilijua, mzee," nikamjibu.

Sampuli ya Bi Mwajuma ilikuwa imebaki kidogo kabatini. Bosi alipotoka kwenda kula niliiweka kwenye darubini. Niliitafuta chembe ya mahindi mpaka macho yakatoa machozi, sikuiona hata moja. Kisha nikaimwaga yote kwenye sinki, nikafungua maji.

Najua mtaniuliza kwa nini. Miaka ile kuitwa mhujumu haikuwa mchezo, na kule nyumbani mama alikuwa bado anaanika lile koti. Lakini hizo ni sababu za kujifariji. Nilikuwa mwoga, basi.

Sasa sikilizeni kilichonileta. Nilipostaafu nilijenga hapa mjini, na jirani wa nyumba ya tatu ni yeye. Mke wangu alipofariki, Bi Mwajuma ndiye aliyekuwa ananiletea chakula. Kila Idi pilau yangu inafika kabla sijaisikia harufu. Ana miaka themanini na kitu, macho yamefifia, na juzi kaniita kwake.

"Mdogo wangu, wewe ulifanya kazi kule maabara. Nitafutie aliyepima binzari yangu, kama yu hai. Kesi sitaki. Wajukuu zangu wanaitwa wajukuu wa Bi Unga mpaka leo. Nataka aje mbele yao aseme aliona nini."

Nikamjibu, "Nitaulizia, dada."

Nitaulizia! Mtu mzima na mvi zangu.

Wakati naondoka akanifungia binzari kwenye karatasi. Siku hizi anatwanga kidogo ya nyumbani. Akacheka, akasema, "Kaipime kwanza, usije ukalishwa unga."

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikisema, nampoteza mtu pekee anayenigongea mlango, na wajukuu zake sijui watanifanya nini. Nikinyamaza, atazikwa na jina nililompa mimi, na siku hiyo nitakuwa mstari wa mbele nikipewa pole kama ndugu.

Ijumaa baada ya swala ananisubiri na jibu, na wajukuu amewaita. Karatasi yake iko hapa mezani, sijathubutu kuifungua. Nishaurini, wanangu, hata kwa matusi nitapokea. Nikishaingia mlangoni na kumwamkia, neno la kwanza nimwambie nini?