Nguzo Sita za Mama Xaveria

Emerensiana, ambaye Nangara nzima ilimwita Mama Xaveria, hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini mwaka ule wa themanini na nne walimlazimisha kusema. Mafuta ya taa yalikuwa yameadimika Babati. Ukisikia yamefika dukani, ukikimbia na dumu lako unakuta foleni imeshapinda kona na mafuta yamekwisha. Naye alifuga vifaranga, na kifaranga asiyepata joto mwezi wa sita hamalizi wiki.

Kwa hiyo kamati ya umeme ya mtaa iliponunua jenereta kuukuu, alijiandikisha wa kwanza. Zikabaki nguzo. Mwenyekiti, Mzee Aminiel, akatangaza utaratibu: kila mtu alete nguzo za kutoka kwa jirani hadi mlangoni kwake. Watu wakapiga makofi, maana wengi walikaa bega kwa bega, nguzo moja iliwatosha. Konstantini, mwenye mashine ya kusaga, alipakana na jenereta na hakudaiwa hata moja. Nyumba ya Mama Xaveria ilikuwa ya mwisho, ng'ambo ya mashamba. Yeye alidaiwa sita.

"Mwenyekiti, mimi nataka taa mbili tu za vifaranga," alisema. "Mashine ya Konstantini itakula nusu ya umeme wote. Kwa nini tusigawane nguzo kwa kadiri mtu anavyotumia?"

"Usitupotezee muda, mama," Konstantini akadakia. "Kila mtu na nguzo zake."

Mama Xaveria akakata mikaratusi sita aliyoipanda na marehemu mumewe kwa ajili ya kuezekea nyumba kubwa. Alilia siku hiyo, tena kwa hasira.

Taa zikawaka, vifaranga hamsini wakanenepa. Halafu Konstantini akafungua mashine ya pili katikati ya mashamba, akatundika waya wake kwenye nguzo ya tatu ya Mama Xaveria bila hata kubisha hodi. Tangu hapo, mashine ikianza kunguruma alfajiri, taa za vifaranga zilibaki nyekundu kama kaa linalozimika. Halidi, fundi wa kamati, alimweleza wazi kwamba aliye mwisho wa waya hupata masalio. Wiki moja tu, wakafa thelathini na mmoja.

Aliwabeba kwenye ungo hadi kikaoni.

"Ama Konstantini asage jua likishatoka, ama anilipe nguzo tatu."

Mzee Aminiel alikohoa. "Mama, nguzo ikishasimama ni ya jamii."

"Wakati wa kukata zilikuwa zangu, wakati wa kutundikia ndiyo zimekuwa zetu?"

Kikao kikahamia kwenye habari ya ng'ombe walioingia shambani kwa mtu, na ungo ukabaki pale mezani.

Wiki iliyofuata dizeli ilikosekana, jenereta ikanyamaza. Mama Xaveria akamwita Halidi afungue waya, akauviringisha, akaupeleka mlangoni kwa mwenyekiti. Kisha akashika shoka, akaangusha nguzo zote sita mchana kweupe. Konstantini akaja mbio akihema.

"Unaharibu mali ya umma!"

"Kila mtu na nguzo zake," alijibu, shoka likiendelea.

Alidhani sasa watamwita wazungumze. Thubutu! Dizeli ilipopatikana, Mzee Aminiel alisimama nje ya kanisa baada ya ibada, akatangaza msaragambo, kazi ya pamoja ya mtaa mzima: mashine imekwama, watoto watakula nini, kila kaya ilete nguzo moja. Nguzo zikaja siku hiyo hiyo. Kufikia Jumatatu jioni laini mpya ilikuwa imesimama, ikaenda moja kwa moja hadi mashine ya pili ya Konstantini, ikaishia hapo. Nguzo zilizobaki Konstantini akajengea uzio.

Jumanne mwenyekiti akabisha hodi kwa Mama Xaveria, daftari kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaya zote zimetoa, mama, imebaki yako. Nguzo moja tu. Lazima tuwe sawa."

Mama Xaveria akamwongoza mzee hadi bandani. Vifaranga kumi na tisa walikuwa wamelizunguka jiko la mkaa, mkaa aliouchoma mwenyewe kwa mikaratusi yake.

"Nguzo zangu hizo hapo, mzee," alisema. "Chagua unayoitaka."