Muda wa Mama Feza
Ninyi mnaoifahamu saa yangu ya mkono ya kronografu, yenye vitufe viwili vya kupimia muda, ile ninayoitia ufunguo kwa vidole kila asubuhi, ngojeni nimalize ndipo mcheke.

Jumapili jirani yangu Papa Ilunga na mke wake, Mama Feza, walishindana kupanda kwa baiskeli kilima cha mtaa wetu hapa Kalemie. Baiskeli ilikuwa moja, kwa hiyo walipanda kwa zamu. Atakayeshindwa angepika bukari, ugali wetu, juma zima. Jirani mwingine akatoa simu apime muda.

"Ficha hiyo," nikamwambia. "Saa njo hii!"

Papa Ilunga alitumia dakika nne. Mama Feza naye akakaza kitenge, akapanda, akafika anahema. Nikabonyeza kitufe cha juu, mshale ukasimama. Lakini nyumbani nikishausimamisha huwa nabonyeza na cha chini, kwa raha tu ya kuuona ukiruka kurudi mwanzo. Kidole kikafuata mazoea.

"Papa, soma basi!" watu wakanipigia kelele.

Mama Feza akanishika mkono, akaisoma saa mwenyewe.

"Sifuri! Papa Ilunga, ingia jikoni. Saa ya huyu papa inasema nimefika hata sijatoka!"