Mtu wa Mazingaombwe Aliyempigia Nyanya Magoti

Juzi, nikifungua nyumba yangu ya mtaa wa Fedha, ghorofa nne nilizojenga bila cheti cha shule, nilileta mtu wa mazingaombwe. Alikuwa stadi, lakini hakumtazama mgeni yeyote usoni. Nikamkumbuka yule wa utotoni, mtaani Mbotela, siku ya ubatizo wa dada yangu mdogo, nyumba ikinukia chapati.

Alipotoa kizibo cha soda sikioni mwangu, nyanya alimkumbatia mtoto, akaelekea mlangoni. "Penye uchawi mimi sikai."

Mama akaanza kulia. Yule bwana akapiga magoti mbele ya nyanya, akamnong'oneza, akafungua kiganja. Mimi nilidhani anaokoka. Kumbe alikuwa akimwonyesha anapoficha kizibo, asiogope tena.

Nyanya akaketi, akicheka. "Rudia, kijana wangu. Hawa wajinga hawajaona kitu."