Maji Kwanza, Chanjo Baadaye

Bibi yetu Sijaona alikuwa na uso wenye vishimo, kama mchanga uliopigwa na matone ya kwanza ya mvua. Ndui ilimpata akiwa mtoto, ikamwachia alama na uhai. Watu walimwogopa, lakini si kwa sababu ya uso. Walimwogopa kwa sababu ya ulimi, na ulimi ule aliupata baadaye, mwaka ambao Wadachi walimaliza kuzima vita vya Maji Maji.

Wakati huo alikuwa ameolewa na Halfani katika kijiji kimoja karibu na Kitangari. Nyumbani walikuwa na mama mkwe wake, binti yao Sophia aliyeanza kujua kutwanga, na Haji, mtoto wa kunyonya. Vita vilikuwa vimeshapita mlangoni kwake mara mbili. Kaka yake Husseni aliteremka Masasi kujiunga na wapiganaji, kifuani kapakwa dawa ambayo aliambiwa ingegeuza risasi kuwa maji. Risasi haikugeuka. Kisha askari wa serikali wakaja kumchukua Halfani awe mpagazi, abebe chakula walichokipora kwa watu wengine. Akaondoka na gunia kichwani, na hakurudi tena.

Njaa ikafuata. Ndui ikaja nyuma ya njaa. Msafara wa wapagazi uliotoka pwani ulimwacha mgonjwa wao pembeni mwa kijiji, ukaenda zake. Watu walimpa uji, kwa kuwa hawakuwa na moyo wa kumtazama mtu akifa peke yake. Haukupita muda, nyumba kadhaa zikawa na homa na malengelenge.

Habari zilipofika bomani, akaja akida mmoja, Sadallah, mtu wa pwani, na askari wake. Wakakizunguka kijiji. Hakuna kutoka, hakuna kuingia, mpaka daktari afike.

Sasa, kule juu uwandani hakuna kisima wala mto. Maji yako bondeni. Mwanamke huteremka alfajiri na mtungi, na jua likishapanda ndipo anafika nyumbani. Kufunga njia ya bondeni ni kufunga makoo ya watu.

Sijaona akamwendea akida pale alipokuwa amekaa kivulini.

"Shikamoo, Bwana Akida."

"Marahaba. Rudi kwako."

"Bwana, maji yako bondeni. Tutakunywa nini?"

"Tumieni mliyonayo."

"Yameisha. Mimi ndui ilishanipata, nitazame uso. Haimpati mtu mara mbili. Niruhusu niteke peke yangu, niwaletee wenzangu."

"Amri ni amri, mwanamke."

Aliteremka hivyo hivyo. Wakati wa kupanda, askari walimkamata kwenye ukingo wa bonde. Wakavunja mtungi mbele ya macho yake, kisha wakamlaza chini na kumchapa viboko juu ya mchanga ule uliolowa. Alisema maisha yake yote kwamba viboko alivisahau. Kilichomkaa moyoni ni jinsi mchanga ulivyokunywa yale maji upesi.

Watu wakabaki kulamba umande wa alfajiri na kutafuna mizizi. Mama mkwe wake alikufa bila kipele hata kimoja mwilini. Kiu ndiyo iliyomwua. Haji alipata ndui, na huenda angepona, maana watoto wengine walipona, lakini maziwa ya mama yake yalikuwa yamekauka. Alilia mpaka sauti ikaisha. Sijaona akamzika kwa mikono yake nyuma ya nyumba, kisha akaingia nyumba za wagonjwa wengine kuwafukuzia nzi, kwa sababu yeye ndiye aliyeweza kuwagusa bila hofu.

Hatimaye daktari Mdachi alifika na wapagazi wake na mkalimani aitwaye Selestini, kijana wa Lindi aliyesomeshwa misheni. Walikuja na kisanduku cha dawa ya chanjo kilichofungwa majani mabichi na kitambaa. Mpagazi mmoja hakuwa na kazi nyingine ila kukimwagia maji kutoka kwenye kibuyu, dawa isiharibike kwa joto.

Watu walipangwa mstari. Sijaona alisimama na Sophia, akayatazama yale maji yakichuruzika chini ya kisanduku. Kisha akakaa chini.

"Simama!" akida akapiga kelele.

"Sisimami. Dawa inanywa maji, watu hawanywi. Dawa ina kiu kuliko mwanangu?"

Mwanamke wa nyuma yake akakaa. Na wa nyuma yake. Punde mstari wote ulikuwa chini, mikono imefichwa ndani ya nguo.

Akida akainua kiboko. Daktari akamzuia, akauliza kuna nini. Selestini akainama kwa Sijaona.

"Mama, nimwambie nini?"

"Mwambie mmemwua mama mkwe wangu kwa kiu. Mmemwua mwanangu. Mkitaka mikono yetu, fungueni njia ya bondeni. Maji kwanza, chanjo baadaye."

"Mama, maneno ya kuua siwezi kuyasema mbele yake."

"Yaseme hivyo hivyo! Usiyapake asali!"

Selestini akayasema. Uso wa daktari ukawa mwekundu. Hakuomba radhi. Alibishana na akida, na mwisho Selestini akatafsiri kwamba njia iko wazi, ila mikono yote iwe tayari jioni. Daktari alikuwa anaihitaji mikono ile. Kijiji kilichochanjwa kingesomeka vizuri katika taarifa yake kwa wakubwa wake.

Wanawake waliteremka wakikimbia. Waliporudi, watu walikunywa mpaka wakatapika.

Jioni Sijaona alimvuta Selestini kando. "Kaka yangu alipakwa dawa, akafa. Na hii?"

Selestini akapandisha mkono wa kanzu, akamwonyesha kovu. "Nilichanjwa Lindi. Nimewauguza watu wa ndui kwa mikono hii, na sijaugua."

Sijaona akamsogeza Sophia mbele.

Mkono wa Sophia ulivimba, ukatoa lengelenge, ukapona. Ndui haikumgusa kamwe, yeye wala wengine waliochanjwa siku ile. Bibi hakuwahi kulikana hilo, na ndilo lililomchoma. Dawa ilikuwa nzuri, ikaletwa na mkono wenye kiboko.

Baadaye akida aliwakusanya watu wapige makofi kwa serikali iliyowaokoa. Bibi akasimama. "Waliokufa kwa kiu nao wapige makofi?" Wakamfunga mnyororo pamoja na wafungwa waliokuwa wakivunja mawe ya barabara. Alipoachiwa alihamia Masasi na Sophia, na hakukanyaga tena kijiji kile hata kwa msiba.

Sophia ndiye mama yetu. Siku wachanjaji walipokuja Masasi, zamani za Waingereza, sisi wajukuu tulikimbilia migombani. Bibi alitufuata, akatuburuta mmoja mmoja, akatushika mikono kwa nguvu mbele ya mchanjaji mmoja, huku akimtukana yeye, na mabwana zake, na mabwana wa zamani.

"Wachanje," akasema. "Halafu uondoke hapa kwangu."