Mvua za Mae Hong Son

Mwanangu aliponiambia kwamba yeye na mchumba wake wanakwenda Thailand kumsalimia bibi yake huyo mchumba, nilidhani wanakwenda baharini. Waswidi ninaofanya nao kazi kwenye nyumba ya wazee wakisema Thailand wanamaanisha mchanga, viti vya kulalia na ngozi iliyounguzwa na jua. Nikamwambia asisahau kofia. Akacheka, akanijibu kwa Kiswidi, kama anavyonijibu tangu alipoanza shule, kwamba wanakokwenda hakuna bahari. Ni mkoa wa milima kaskazini magharibi, mpakani na Burma. Unaitwa Mae Hong Son.

Neno milima halikunipita hivi hivi. Mimi ni mtoto wa Lushoto, milimani. Nilipokuwa darasa la tatu, kilima nyuma ya nyumba ya jirani yetu kiliteremka asubuhi, mvua ikiwa imeshakatika na watu wameanza kuanika nguo. Hakukuwa na kishindo. Ilisikika sauti kama ya mtu anayeburuta godoro sakafuni, kisha nyumba haikuwapo tena. Kwa miaka mingi sikuweza kuvumilia harufu ya udongo mbichi. Mwanangu sikuwahi kumsimulia.

"Mnakwenda lini?" nikamuuliza.

"Septemba. Tiketi ni rahisi."

"Kwa nini ni rahisi?"

"Kwa sababu ni msimu wa mvua, mama. Si kitu."

Wakaenda. Walikodi pikipiki mjini Chiang Mai, wakaishika barabara ya kona inayopanda kwenye ule mkoa. Kila jioni alinitumia picha: mashamba ya mpunga bondeni, hekalu lenye paa la ngazi ngazi, mchumba wake amevaa koti la mvua la plastiki. Picha ya mwisho ilikuwa nyeupe tupu. Chini yake aliandika kwamba huo ni ukungu, na kwamba kesho asubuhi wanatoka mjini Mae Hong Son kwenda kijijini kwa bibi.

Kesho yake hakuandika. Kwenye ramani ya hali ya hewa nikaona doa jekundu limekaa juu ya mkoa ule, halisogei. Nilimpigia mpaka ile sauti iliyorekodiwa ya mwanamke anayesema Kithai kwenye simu nikaanza kuichukia. Nikapanda treni kituo kimoja kutoka Husby, mtaani kwangu, hadi Kista, kwenda kumwona mama wa binti.

Harusi ilikuwa bado, lakini tulikuwa tumeshaanza kuitana mkwe. Neno nilimfundisha mimi, naye alilitamka vizuri kuliko nilivyotarajia. Anapika kwenye mgahawa ambako watu wa maofisi ya kompyuta hupanga foleni mchana. Tunaongea Kiswidi, kila mmoja na makosa yake. Nilimkuta jikoni anakata vitunguu saumu, kisu kinakwenda bila yeye kukitazama.

"Mvua ikinyesha, simu hukatika," alisema. "Kwetu ndivyo kulivyo, mkwe. Usiogope."

Utulivu wake ulinikera. Niliondoka bila kula.

Siku iliyofuata, mchana, kengele ya mlango wangu ililia. Alikuwa yeye, na bado amevaa aproni ya kazini. Alikuwa amebeba kikapu kidogo cha mwanzi chenye wali wa kunata. Aliketi mezani kabla sijamkaribisha.

"Kaka yangu amepata mtandao," alisema. "Daraja la kuingia kijijini limechukuliwa na maji. Mama yetu ni mzima. Watoto hawajafika."

"Hawajafika maana yake nini? Walitoka?"

"Walitoka. Mwenye nyumba ya wageni aliwaona wakiondoka asubuhi."

Nikasikia ile sauti ya godoro. Kweli niliisikia, hapo jikoni kwangu, ghorofa ya tano, dirishani watoto wakicheza mpira kwenye lami. Nilipiga simu ofisi inayoshughulika na Waswidi walio nje. Mwanamke mmoja akanijibu kwa upole mwingi, akachukua namba ya pasi, akasema ninyi mnajua zaidi kuliko sisi kwa sasa. Nilipokata simu sikuwa na kitu kingine cha kufanya, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nikamwambia mkwe, "Niambie huko kukoje. Nataka kujua mwanangu yuko mahali gani."

Akaweka ngumi zake mezani, moja kando ya nyingine, kisha akaniomba niweke na za kwangu. "Hivi," akasema. "Ngumi na ngumi. Watu tunakaa hapa katikati." Akapitisha kidole kwenye nafasi nyembamba kati ya mikono yetu. Huko kwenye nafasi ndiko kuna mpunga, na mpunga ukishavunwa, vitunguu saumu na soya. Juu kwenye ngumi ni msitu, na vijiji vya Wakareni na Wahmong. Zamani baadhi ya watu wa juu walilima kasumba, ile afyuni; serikali ikawaletea kabichi na kahawa.

Alisimulia bila kupumzika, na nilielewa kwamba anasimulia ili asinyamaze. Mji wao ulianza kama kambi ya kukamatia tembo: mtawala wa Chiang Mai alituma watu wamtafutie tembo wa kufanya kazi, wakaona bonde zuri, wakabaki. Watu wake yeye, Washan, walivuka kutoka upande wa Burma, wakalima, wakajenga mahekalu. Wakaja wafanyabiashara wa misaji. Magogo yaliburutwa na tembo hadi mtoni, yakaelea mto Salween mpaka baharini, na wenyeji wakabaki na visiki. Barabara ile ya kona ilianza kupasuliwa na wanajeshi wa Kijapani wakati wa vita kuu ya pili.

"Na sasa watu wanaishi kwa nini?" nikauliza. Sikutaka anyamaze.

"Vitunguu, watalii, na pesa za sisi tulioondoka." Akatazama simu yake. "Zamani ofisa wa serikali akikosea Bangkok, alihamishiwa kwetu. Nilipokuwa msichana nililia nikitaka kutoka. Huyu wangu amezaliwa hapa, na analia akitaka kwenda."

Wali ulipoa. Kaka yake na wanaume wa kijiji walikuwa wamekwenda kutafuta kwa kamba na majembe. Neno majembe lilinivuruga akili. Nilikwenda chooni, nikafungua bomba ili mkwe asinisikie, nikasali kwa Kisambaa, lugha ambayo sikuwa nimesali nayo tangu mama yangu afe.

Niliporudi simu yangu ilikuwa inaita. Namba sikuijua.

Ilikuwa sauti ya mwanangu. Alisema kwa Kiswidi, haraka, akikatikakatika, na mimi niliyekaa nchi hii zaidi ya nusu ya maisha yangu sikuelewa hata neno moja. Kiswidi chote kilinitoka. Nikampa mkwe simu kama mtu anayekabidhi kitu cha moto. Akasikiliza, akamuuliza binti yake swali kwa Kithai, kisha uso wake ukalegea.

"Wako juu," akaniambia. "Barabara ilikatika mbele yao na nyuma yao. Waliacha pikipiki, wakapanda kwa miguu mpaka kijiji cha Wakareni. Wanawapa chakula. Mwanao ameteguka mguu. Wamepanda kilima kupata mtandao. Anasema wewe ulie tu, atasubiri."

Nililia, naye akasubiri.

Ghala la bibi lilikuwa limekwenda na maji, na mafungu yote ya vitunguu saumu yaliyokuwa yametundikwa humo yakingoja bei ipande. Mkwe aliposikia hilo alitikisa kichwa tu. Baada ya majuma machache aliaga mgahawani akaenda kumsaidia mama yake kujenga upya. Binti alikuwa amebaki huko huko na bibi. Mwanangu alirudi peke yake, mguu umefungwa, amekonda, na kila siku anazungumza na mchumba wake kwenye simu kuhusu mbegu, mteremko na bei ya kahawa.

Anataka kurudi. Anasema labda wakae huko nusu ya kila mwaka. Jumapili moja, tukila, nilimsimulia hatimaye habari za jirani yetu wa Lushoto na kile kilima. Aliweka kijiko chini na kusikiliza mpaka mwisho.

"Basi angalau mwende kiangazi," nikamwambia. "Mvua zikiisha."

Akakishika tena kijiko, akichagua kama aniambie au asiniambie.

"Kiangazi wanachoma mashamba, mama," akasema. "Kunakuwa na moshi, milima haionekani. Watu wanaumwa vifua."

Nikamwongezea mboga. Kisha nikamuuliza moshi huo huisha mwezi gani.