Mkono wa Kushoto wa Syrga

"Wenye akili watajisomea wenyewe." Ukitaka kumwona Burulkan akigeuka rangi, mwambie maneno hayo. Mkuu wetu wa shule, Omurbek agai, yaani mwalimu Omurbek, aliyasema kila mwaka kwenye mkutano wa walimu, kofia yake ya manyoya mapajani. Kila mwaka Burulkan aliinuka akamjibu, "Agai, hata mche mzuri hunywa maji." Halafu aliketi, na hakuna kilichobadilika. Mimi Zuura, mwalimu wa historia, nimekaa naye bega kwa bega tangu tulipoajiriwa tukiwa wasichana, kwa hiyo asije mtu akaniambia natia chumvi.

Burulkan anafundisha hisabati. Mji wetu ni mdogo, uko juu milimani huku Naryn, na baridi yake haina adabu. Masomo ya watoto wenye vipaji hayamo kwenye ratiba, basi yeye aliyaanzisha katika chumba cha tanuri la makaa, maana ndicho chumba chenye joto shule nzima. Watoto hutoka humo na masizi puani, wakibishana kuhusu maswali kama watu wanaogombania farasi. Na wakishamaliza shule? Wengi wanazoa theluji Moscow. Hilo ndilo linalomla roho.

Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa namna hiyo. Walimu wake walijua kumtumia tu: fundisha wenzako wanaochelewa, pamba ukuta wa darasa, wapokee wageni kwa mkate. Swali gumu hakupewa hata moja. Alipofika chuoni akakuta wenzake wa mjini wameshamwacha mbali, akarudi na cheti cha ualimu na donge kooni. Donge lenyewe halijashuka mpaka leo.

Ndipo akaja Syrga, binti wa mchunga farasi. Msichana wa maneno machache, na mtiifu kupita kiasi: ukimwambia nisubiri hapa ukasahau, rudi jioni utamkuta. Lakini mpe swali! Burulkan alikuja kwangu siku moja, chaki mpaka kwenye nyusi, akanishika mkono. "Zuura, huyu ananizidi. Nimefika mwisho wangu, sina tena cha kumpa. Anahitaji walimu wengine."

Walimu hao walikuwepo, katika shule ya bweni ya wenye vipaji mji mkuu. Huchukua watoto wa darasa la kumi, wakipita hapo basi. Syrga alikuwa darasa la kumi. Na baba yake alishasema wazi: "Wakimchukua, aende. Wasipomchukua, Juni anakwenda Moscow kwa shangazi yake, kufungasha mizigo ghalani. Mimi sina maneno mengine."

Basi masika yale zikaja habari kwamba mgeni kutoka shule ile, Raisa Kadyrovna, atakuja kutazama somo la hisabati la darasa la kumi na kuchagua mtoto mmoja. Omurbek agai akaitisha mazoezi mara moja. Kwetu somo la kutazamwa na wageni ni kama harusi, kila mtu anajua zamu yake kabla ya siku. Na kuna ule mchezo wetu wa zamani: swali likiulizwa, watoto wote wanainua mikono. Anayejua anainua wa kulia, asiyejua anainua wa kushoto. Mgeni anaona msitu wa mikono, anafurahi. Mwalimu anajua wa kumwita.

"Sifanyi," Burulkan alisema. "Hisabati si maigizo."

"Eje, usiniletee ukaidi," mkuu akamwambia. Eje ndivyo tunavyowaita dada wakubwa na walimu wa kike, lakini yeye alilitamka neno hilo kama anayekemea mbuzi. "Na tena Syrga hatakuwa darasani. Atampokea mgeni kwa mkate, kisha awasaidie wapishi. Ana sura nzuri, na ana heshima."

"Syrga asiwe darasani? Agai, wewe una wazimu? Mgeni anamfuata nani huku mlimani?"

"Hajui kujieleza yule. Atanyamaza, tutaumbuka."

Waligombana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakapatana: Syrga atakaa darasani, na Burulkan atafundisha mchezo wa mikono. Akaufundisha, uso wake umekunjamana kama aliyelambishwa shubiri. "Mwenye jibu, wa kulia. Asiye na jibu, wa kushoto. Mmeelewa?" Wakaitikia wote, na Syrga akaitikia.

Siku ikafika. Sisi walimu tulikaa nyuma. Maswali ya mazoezi yalikwenda vizuri ajabu, na Syrga alijibu mawili, sauti ndogo lakini bila kosa. Nikamwona mgeni anamtazama. Moyoni nikasema, haya, Mungu ameshatupa.

Kisha Raisa Kadyrovna akainuka, akachukua chaki mwenyewe. Akachora shamba la pembe tatu: upande mmoja mita hamsini, wa pili sabini, wa tatu mia na thelathini. "Nani atanipa eneo lake?"

Mikono ikaruka juu. Ya kulia mingi, kwa sababu kanuni waliimeza kama dawa. Na pale dirishani Syrga akainua mkono wake. Wa kushoto.

Nilimwona Burulkan akipauka. Alidhani mtoto ameingiwa na hofu, akataka kumstiri. Akamwita Bakyt, kijana wa mstari wa mbele. Bakyt akashambulia ubao kwa kanuni, akafika mahali hesabu ikamgomea, ikaleta namba hasi pasipotakiwa. Akatazama huku na huku, akaifuta alama ya kutoa kwa kidole, akaandika jibu kwa mbwembwe. Ndipo Burulkan alipoona. Hamsini na sabini ni mia na ishirini. Pande mbili hizo hata uzinyooshe vipi haziufikii ule wa tatu. Shamba lenyewe halipo! Akageuka kumtazama Syrga, mkono wa kushoto bado uko juu, mdomo wake Burulkan umeshafunguka kumwita, na Omurbek agai akaanza kupiga makofi. "Hongera, hongera! Mgeni wetu amechoka, nyama iko tayari!" Mkuu akisimama wote husimama. Mgeni akafunga mkoba wake.

Pale mlangoni Burulkan akamkamata Syrga. "Kwa nini uliinua wa kushoto, wewe?"

"Eje, si mlisema asiye na jibu ainue wa kushoto? Jibu halikuwepo."

Burulkan aliegemea ukuta.

Mezani kichwa cha kondoo, heshima ya mgeni kwetu, kilishawekwa mbele yake, na mmiminaji chai alikuwa nani? Syrga, bila shaka. Burulkan hakungoja nyama ikatwe. "Raisa Kadyrovna, yuko mtoto aliyeuona mtego wako."

"Eje, mgeni anakula," mkuu akanong'ona ameuma meno.

"Kila shule ninayopita, nikishakula, naletewa mtoto aliyeuona," mgeni akasema, bila ubaya, kwa uchovu tu. "Ni nani?"

"Huyo anayekumiminia chai."

Raisa Kadyrovna akainua macho. "Huyu? Yeye ndiye niliyekuwa namngoja. Lakini aliinua wa kushoto. Eje, mimi nimefundisha vijijini, mkono huo naujua." Akamgeukia Syrga. "Haya niambie mwenyewe, binti. Kwa nini wa kushoto?"

Syrga alishika birika kwa mikono miwili. Akamtazama mkuu, ambaye jicho lake lilikuwa limemganda. Akatutazama sisi sote tuliomlea. Binti wa kwetu, mbele ya mgeni, amwambie kwamba nyumba nzima inamdanganya?

"Sema!" Burulkan akapaza sauti. "Sema, mwanangu!"

"Nilikosea mkono," Syrga akasema.

"Muongo!" Burulkan akaruka. "Nimewafundisha mwenyewe! Asiye na jibu, wa kushoto, na jibu halikuwepo! Mpe swali jingine, mpe sasa hivi!"

Mgeni akatikisa kichwa polepole. "Amenijibu mwenyewe, eje. Nimchukue kwa lipi?"

Burulkan akamnyang'anya Syrga birika, akajaza kikombe cha mgeni mpaka chai ikamwagika kwenye kitambaa. Kwetu chai humiminwa kidogo kidogo. Kikombe kikijazwa, mgeni anaambiwa ashike njia. Nilitamani ardhi inimeze, na wakati huohuo nilitaka kumpigia makofi.

Kesho yake nilimkuta kwenye chumba cha tanuri na Syrga. Alikuwa analia kwa hasira. "Kwa nini ulidanganya?"

"Ningesema kweli wangesema ni wewe uliyetufundisha, eje. Wangekufukuza."

"Wangenifukuza, wewe ungeenda! Mjinga wee!" Akamkumbatia, wakachafuana masizi wote wawili.

Juni Syrga akaenda Moscow. Anafungasha vikombe ghalani zamu ya usiku, huku anasinzia, na shule nzima inajua ni mkono upi uliompeleka huko.

Masika yaliyofuata ikaja ziara nyingine. Safari hii Burulkan hakuomba ruhusa. Aliwaambia watoto wa darasa la kumi, "Atakayeinua wa kushoto ndiye nitakayemwita kwanza, na nitamshukuru. Msiogope." Mgeni akaandika swali lake ubaoni. Burulkan akalisoma, akaona nalo halina jibu, akageuka, akawangoja. Alingoja sana.

Mikono yote ilikuwa juu, na yote ilikuwa ya kulia.